Zamu ya Maji Siku ya Mechi

Bonde moja la mpunga lilikuwa na mfereji, na wanawake waliolima kando ya mfereji huo walikuwa na timu ya mpira wa miguu. Mfereji ulikuwepo kwanza. Timu ilikuja baadaye, na haikuweza kulisahau hilo, kwa kuwa maji ya bonde yaligawanywa kwa zamu, na zamu haikujua mechi ni nini.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila mwenye jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga, alipata maji mara moja katika siku tisa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana, pamoja na wengine aliopangwa nao siku hiyo. Waliokuwa juu, karibu na banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, walipata kwanza. Kilichobaki kiliteremka kwa waliokuwa chini. Mwenye zamu alitakiwa awepo na jembe lake, afungue mdomo wa jaruba, ayaangalie maji yanavyotandaa, kisha azibe. Asipokuwepo, maji yalimpita. Aliweza kumweka mwanachama mwenzake asimame badala yake, lakini mtu wa nje hakuruhusiwa kugusa mfereji, hata akiwa ndugu.

Palikuwa na desturi moja zaidi, iliyozaliwa na ugomvi wa zamani. Ni mwenye jaruba peke yake aliyeweza kusema “limetosha”. Aliyesimama kwa niaba ya mwingine aliweza kufungua, aliweza kuelekeza, aliweza kuziba matundu ya panya na ya kaa. Kufunga mdomo kabla ya muda kwisha hakuweza. Na neno hilo halikutumwa kwa mjumbe wala kuandikwa kwenye karatasi. Watu waliwahi kupasuana vichwa kwa majembe kwa sababu fulani alisema ameagizwa afunge, na mwenye jaruba akakana. Tangu hapo, aliyetaka kulisema neno hilo alikuja mwenyewe, akalisema palepale, mbele ya mgawa maji. Mgawa maji wa miaka hiyo aliitwa Mzee Kasanga. Hakuwa na rafiki wala adui kwenye mfereji. Alikuwa na saa ya mkononi.

Timu ilianzishwa na Tusekile, mkulima kama wenzake, aliyewahi kuchezea timu ya mkoa mpaka goti lilipomkatalia. Aliwakusanya wanawake kumi na watatu, na mwaka wa kwanza wakapatana jambo moja. Siku ya mechi, yeyote ambaye zamu yake imeangukia siku hiyo angesimamiwa na mwenzake asiyecheza. Na huko kutocheza kungezunguka, kama maji yanavyozunguka. Atakayecheza leo atasimama kesho. Walifanya hivyo mwaka mzima. Walifungwa sana, na walicheka sana.

Mwaka wa pili walianza kushinda. Ndipo likatokea jambo dogo ambalo hakuna kikao kilicholiamua.

Miongoni mwao alikuwepo Sikudhani, mama wa watoto wawili, ambaye mumewe alikwenda machimboni akakawia huko mpaka watu wakaacha kumuulizia. Alicheza beki ya kushoto. Hakuwa mbaya, wala hakuwa mtu ambaye watazamaji wangemkumbuka wakifika nyumbani. Lakini kwenye mfereji hapakuwa na mwenzake. Alijua kaa anatoboa wapi. Alijua sauti ya maji yanayopotea kabla hajayaona. Jaruba alilolisimamia lilijaa sawasawa kama uji kwenye bakuli. Kwa hiyo ilipokuja mechi ngumu, walisema: leo asimame Sikudhani, mkono wake tunaujua. Ilikuwa sifa, naye aliipokea kama sifa. Ikaja mechi nyingine ngumu. Timu inayoshinda haina mechi nyepesi. Kufikia mwaka wa tatu alifanya mazoezi na wenzake kila jioni, akakimbia walipokimbia, na siku ya mechi alivaa mabuti ya matope akaenda shambani kwa mtu.

Hakuna aliyemwonea. Ningependa hilo lieleweke. Kama angeulizwa mmoja wao, angesema Sikudhani ndiye nguzo ya timu, na angesema hivyo kwa moyo mweupe.

Mwaka huo wa tatu timu ilifika mahali ambapo hakuna timu ya bonde lile, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufika. Ilibaki mechi moja. Wangecheza mjini, dhidi ya timu ya mjini iliyokuwa mbele yao kwa pointi mbili. Wakishinda, wangepanda daraja. Sare ingewapandisha wenzao. Mechi ilipangwa Jumapili, lakini uwanja ulikuwa umeahidiwa watu wa mkutano, na waandaaji wa ligi wakaisogeza hadi Jumatano.

Ilikuwa wiki ambayo mpunga unatoa maua. Wakulima wanaiogopa wiki hiyo. Mpunga ukikosa maji wakati wa maua haufi. Husimama vizuri, hushika rangi, hutoa masuke. Ila ndani ya ganda hamna kitu. Huitwa mapepe, na mtu anayepita barabarani hawezi kuyatofautisha na mpunga.

Jumanne alasiri, baada ya mazoezi, walikaa kwenye nyasi wakivua viatu. Kati ya wale kumi na watatu, mmoja alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue. Waliobaki walikuwa kumi na wawili.

“Kesho zamu ni ya nani?” Tusekile akauliza.

“Yangu,” akasema Atuganile. Huyu alikuwa kapteni, mfungaji wa mabao kumi na manne msimu ule, na jaruba lake lilikuwa la kwanza kwenye mfereji wa pili, mmoja wa matawi ya mfereji mkuu, hatua chache kutoka kwenye banio.

“Basi Sikudhani atasimama kwako. Lori linaondoka saa kumi na mbili kamili. Atakayechelewa atapanda punda.”

Sikudhani alikuwa anafungua kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa.

“Na kwangu atasimama nani?”

“Kwako wapi tena?” akasema golikipa. “Dada, wewe na mfereji si mlishafunga ndoa? Sisi tunajua maji yote ni ya shemeji.”

Wakacheka, kwa upendo. Hata Sikudhani alitabasamu kidogo. Kisha akasema, “Mfereji wa pili, jaruba la mwisho kabisa, pale kwenye matete. Zamu yangu na ya Atuganile ni siku moja.”

Kicheko kikakatika. Si kwamba walipata habari ya ajabu. Walipata habari ya kawaida, na kila mmoja akajitazama akaona kwamba hakuwa nayo. Walikuwa wamecheza na mtu huyu miaka mitatu. Alikuwa amesimama kwenye majaruba yao wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuteremka mpaka kwenye matete.

“Mbona hukusema, mama?” Atuganile akauliza.

“Mliniambia nisimame kesho tu. Kila mara mlisema kesho tu.”

Tusekile akaanza kupiga hesabu ya watu, na wote wakaipiga pamoja naye kimya kimya. Kucheza kumi dhidi ya timu ya mjini ni kwenda kujifungisha. Kwa hiyo angebaki mmoja tu. Akibaki Sikudhani, akasimama kwa Atuganile, hangeweza kufunga mdomo wa jaruba lisilo lake, na maji yangeishia huko juu mpaka saa saba. Akisimama kwake mwenyewe, kwenye matete, mdomo wa juu ungebaki bila mtu na maji yangelipita jaruba la Atuganile; vyovyote vile mmoja wao angekosa mavuno. Katika bonde zima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye angeweza kunywesha majaruba yote mawili kwa zamu moja, na mtu huyo alikuwa na mabao kumi na manne.

Hakuna aliyemtazama. Walitazama nyasi.

“Nitabaki mimi,” akasema Atuganile. “Saa tatu nitasema limetosha, niteremke kwa dada. Sikudhani avae bukta.”

Wakampigia makofi, na baadhi yao wakafuta macho. Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa mbele yake kwenye nyasi, na mtu ambaye hiyo miaka ilimtegemea alikuwa amejitoa mwenyewe. Kisha akasema, “Sawa.” Wote wanaosimulia habari hii wanakubaliana juu ya jambo moja: Atuganile alimaanisha alichokisema.

Asubuhi lori liliondoka na wanawake kumi na mmoja na kocha wao. Sikudhani alikaa nyuma kabisa, akiangalia mfereji mpaka ulipofichwa na migomba.

Saa kumi na mbili Mzee Kasanga alifungua lango, na Atuganile akafungua mdomo wa jaruba lake. Jaruba lilikuwa na vyumba vitatu vilivyotenganishwa na kingo za udongo, kimoja kikimwagia kingine. Saa moja na nusu chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa. Saa mbili na nusu cha pili kikajaa. Saa tatu ilipofika maji yalikuwa yameingia cha tatu, lakini mabonge ya udongo yalionekana bado, makavu, kama migongo ya kondoo.

Akasema moyoni: bado kidogo.

Mtu anayesimama upande wa juu wa mfereji huona vitu viwili: maji yanayoingia, na mahali ambapo hayajafika. Mwisho wa mfereji hauonekani kutoka pale. Saa tatu na nusu mabonge yalifunikwa, ila kona moja, ile iliyoinuka kidogo, ilikuwa haijapata. Hakutaka kuacha kona katika wiki ya maua. Saa nne na robo kona ikalowa. Akashika jembe ili azibe, akageuka, akaona kwamba chumba cha kwanza kimeshuka. Udongo ulikuwa umekunywa. Udongo mkavu hunywa mara mbili, kila mkulima analijua hilo, na si uroho wa mtu, ni tabia ya udongo. Akakiacha kijae tena. Kilipojaa, cha pili kilikuwa kimeshuka.

Si kweli kwamba alimsahau Sikudhani. Alimkumbuka muda wote. Alimkumbuka saa tatu, na saa nne, na saa tano, na kila alipomkumbuka alijiambia kwamba anakwenda sasa hivi. Alikuwa mtu mwenye mbio kuliko wote kwenye timu. Alijua kwamba kutoka banioni mpaka kwenye matete angetumia dakika ishirini akikimbia. Hilo lilimfariji, na kosa lake lilikuwa hapo, kwa sababu maji hayakuwa na mbio zake.

Saa sita kasoro robo alimwita mgawa maji.

“Mzee, limetosha.”

Mzee Kasanga alilitazama jaruba, akamtazama yeye, akatazama saa yake. “Limetosha tangu saa tatu, mwanangu,” akasema. “Lakini neno ni lako, si langu.”

Atuganile akaziba mdomo kwa udongo, akaushindilia kwa mguu, akakimbia. Alikimbia kandokando ya mfereji, na kwa muda maji yalikuwa ubavuni pake, kisha yakabaki nyuma. Alipita majaruba ya wenzake, ambayo siku hiyo hayakuwa na zamu. Mfereji ulikuwa mkavu siku nyingi huko chini, na nyufa zake zilikuwa na kiu yao zenyewe. Alifika kwenye matete saa sita na dakika tano, akasimama kando ya jaruba la Sikudhani, akasubiri.

Lilikuwa jaruba dogo. Kingo zake zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote bondeni, zimenyooka, zimepigwa zikang’aa. Mpunga ulikuwa umechanua, na chini ya maua ardhi ilikuwa imepasuka kiasi cha kuingiza kidole. Hakuna tundu hata moja la kaa. Kila kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukifanya kwa mikono yake kilikuwa kimefanywa pale, na palibaki kitu ambacho lazima kitoke kwa mwingine.

Maji yalikuja saa saba kasoro dakika tano. Yalikuja kama ulimi mweusi, yakisukuma mbele yake makapi na povu. Akayafungulia njia. Yakaingia jarubani, yakaenea kiasi cha mkeka mmoja, na wakati huo huo, mbali huko juu, Mzee Kasanga alikuwa anashusha lango. Atuganile aliyatazama yale maji yanavyozama kwenye nyufa mpaka pakabaki unyevu, kisha rangi ya unyevu.

Mjini mechi ilikuwa imeanza saa nne asubuhi. Watazamaji wa timu ya mjini waliwapokea wageni kwa mlio wa kufukuzia ndege. “Kwelea hao,” walisema. “Leo wamefuata nafaka mjini.” Winga wa kulia wa timu ile alikuwa msichana mwepesi sana, na mabao mengi ya msimu yalikuwa yamepitia kwake. Alimkuta Sikudhani. Sikudhani hakumfuata alipozungusha mpira, wala hakuruka alipodanganywa. Alisimama, akasubiri, akatia mguu. Mtu aliyekaa miaka akiyalinda maji hujua yatapasulia wapi. Kufikia kipindi cha pili winga akaanza kuupeleka mpira upande mwingine, na timu yake ikawa kama ndege aliyekatwa bawa. Dakika za mwisho kiungo wa timu ya bonde akapiga kona, mpira ukagonga watu wawili ukaingia. Wakashinda moja kwa bila. Wakapanda daraja.

Lori lilirudi kabla jua halijazama, na bonde zima lilikuwa barabarani. Na wa kwanza kubebwa juu juu hakuwa mfungaji wala kocha. Alikuwa Atuganile. Wanawake waliruka kutoka kwenye lori wakamwinua, kwa kuwa habari yake ilikuwa imekwisha kuenea: kapteni aliyeacha mechi ya kupanda daraja ili kunywesha jaruba la mwenzake. Wazee walisema tabia kama hiyo haijaonekana siku nyingi. Sikudhani, mwenye matope ya mjini magotini, alipenya kundi akamshika mikono yote miwili, akasema mbele ya watu wote, “Ahsante, mdogo wangu. Mungu akulipe.”

Atuganile alifungua mdomo aseme, na wimbo ukaanza, na akaufunga.

Alfajiri Sikudhani alikwenda kwake. Alimkuta Atuganile amekaa kwenye ukingo, na kwa jinsi alivyolowa umande ilionekana alifika kabla ya mwanga. Sikudhani aliingia jarubani. Akatembea mpaka mahali palipokuwa na alama ya mkeka, akasimama hapo, akachuchumaa, akatia kidole kwenye ufa. Kisha akaja akakaa naye kwenye ukingo.

“Nilikuwa nakuja,” akasema Atuganile.

“Najua,” akasema Sikudhani. “Hata mimi, nikisimama kwako, kila saa huwa nakuja kwangu.”

Mmoja alilia kidogo. Wanaosimulia hawakubaliani ni yupi.

Wiki nne baadaye mpunga wa bonde ulivunwa. Jaruba la Atuganile lilitoa vizuri. La Sikudhani lilitoa masuke marefu, ya rangi nzuri, na alipoyapiga na kuyapeta, upepo ulichukua karibu yote. Wenzake walimletea ndoo ya mpunga kila mmoja. Atuganile alileta magunia, akayashusha mwenyewe, na hapo ndipo alipowaambia wote saa aliyosema limetosha. Hakuficha dakika hata moja. Wengine walimkasirikia kwa sababu walikuwa wamembeba. Sikudhani hakukasirika. Aliupokea mpunga, akashukuru, akaupika. Lakini mtu akimpongeza kwa mavuno alimrekebisha kwa upole: “Sikuvuna. Nimepewa.”

Msimu wa daraja la juu ulipokaribia, Tusekile aliwaita kwa zoezi la kwanza. Walikuja na mipira na viatu. Hakuwapeleka uwanjani. Aliwakimbiza kandokando ya mfereji wa pili, kutoka banioni mpaka kwenye matete, akaja nyuma yao taratibu kwa sababu ya goti. Walipofika mwisho walisimama wakihema, wakaangalia. Baadhi yao walikuwa wamezaliwa katika bonde hilo, na walikuwa hawajawahi kufika hapo. Tusekile aliwaacha wapumzike, kisha akawarudisha kwa mwendo uleule, na kesho yake wakakimbia tena njia hiyo hiyo.

Watu wakishaisikia habari hii huuliza kama Atuganile alikuwa mwema au mwovu. Sijui kulijibu swali hilo, na nadhani wanaoliuliza wanatafuta mahali pa kukaa wamhukumu. Alijitoa kwa hiari, akaacha heshima aliyoitamani kuliko wote, akashika jembe, akakumbuka kila saa, akakimbia mpaka mwisho. Alikosa kitu kimoja tu, na hicho nacho si kikubwa. Wewe uliyewekwa karibu na banio, na jaruba lako lina kona moja ambayo bado haijalowa, utateremka saa ngapi?